Daktari, je, Mlima Meru umenikataa?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Dar es Salaam, nakimbia mara nne kwa wiki na nimeshamaliza nusu marathoni tatu. Februari nilikwenda kupanda Mlima Meru na marafiki kwa ratiba ya siku tatu. Tulitoka Dar kwa basi, tukalala Arusha usiku mmoja, asubuhi tukaingia geti la Momella. Siku ya kwanza nilikuwa wa mbele hadi kibanda cha Miriakamba. Siku ya pili tulifika kibanda cha Saddle saa saba mchana, nikajisikia vizuri, nikaenda Little Meru na kurudi. Kufika jioni kichwa kinagonga, chakula hakipiti, nikatapika mara mbili. Nilimeza Panadol, maumivu yakapungua, saa saba usiku nikatoka na wenzangu. Tulipofika Rhino Point nikaanza kuyumba kama mlevi. Mwongozaji alikataa niendelee, akanirudisha Saddle, nikalala hadi wenzangu waliposhuka. Mama wa miaka 58 tuliyekuwa naye kundi moja alifika kileleni. Maji nilikunywa lita tano kwa siku, kwa hiyo tatizo si maji. Nataka kurudi Septemba. Wengine wananiambia nichukue ratiba ya siku nne, wengine nimeze Diamox, wengine wanasema mlima umenikataa, niachane nao. Mdogo wangu wa baba na mama mmoja ana selimundu (sikoseli), sijui kama inahusika. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu, na pole kwa usiku ule. Naona kilichokuuma zaidi si kutapika. Ni kurudishwa njiani wewe uliyekuwa na mazoezi kuliko wote, huku mama aliyekuzidi miaka 27 akiendelea kupanda. Unauliza ufanye nini Septemba, lakini chini ya swali hilo unauliza pia kama mwili wako una kasoro. Naanza na hilo la kasoro, maana ndilo zito.

Mlima haujakukataa. Ulipata ugonjwa wa mwinuko, na kwa ratiba uliyopewa ungeweza kumpata mtu yeyote. Tazama hesabu yenyewe. Geti la Momella liko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Miriakamba ni mita 2,514, Saddle ni mita 3,570, na kilele kinachoitwa Socialist Peak ni mita 4,566. Kutoka getini hadi kileleni mtu anapanda zaidi ya mita 3,000 akiwa amelala usiku mmoja mzima na nusu ya usiku wa pili. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Kati ya Miriakamba na Saddle kitanda chako kilipanda mita 1,056 kwa siku moja, na siku mbili kabla ya hapo ulikuwa Dar, usawa wa bahari.

Meru inadharauliwa kwa sababu imekaa pembeni ya Kilimanjaro. Watu wanauita mlima wa mazoezi, wanaupanda ili "kujipima" kabla ya kwenda kwenye mlima wenyewe. Lakini njia ndefu za Kilimanjaro, zile za siku saba au nane, zinampandisha mtu kwa upole kuliko Meru ya siku tatu. Nawaambia hivi wapandaji wengi na bado wengi hawaamini mpaka wafike Saddle.

Sasa nikueleze kilichotokea ndani yako, maana ukikielewa utaweza kuchuja mwenyewe ushauri wote unaopewa.

Wengi husema kule juu oksijeni imepungua kwenye hewa. Fungu la oksijeni ni lilelile la Kariakoo, karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa iliyo juu yako unaoisukuma iingie mapafuni na kutoka mapafuni iingie kwenye damu. Arusha mjini mgandamizo huo ni asilimia 85 hivi ya ule wa pwani. Saddle ni karibu theluthi mbili. Kileleni ni chini kidogo ya asilimia 60. Kwa hiyo kila pumzi unayovuta pale Saddle inakuletea theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo pumzi hiyohiyo ingekuletea nyumbani.

Mwili unalijua hilo mara moja. Kwenye mishipa ya shingo kuna vihisi vinavyopima oksijeni ya damu, navyo vinaamuru upumue haraka na kwa kina zaidi. Hapo linazuka tatizo la pili. Ukipumua sana unatoa hewa ya ukaa nyingi kupita kiasi, na hewa ya ukaa ndiyo inayoipa damu sehemu ya uasidi wake. Damu inapopungukiwa na asidi, ubongo unatafsiri kwamba umepumua mno, unakanyaga breki. Sehemu moja ya mwili inasema pumua, nyingine inasema acha. Usiku ugomvi huo unasikika kabisa: mtu anapumua kwa nguvu, anapunguza, ananyamaza sekunde kadhaa, kisha anashtuka na kuvuta pumzi ndefu. Waliolala chumba kimoja na wewe pale Saddle huenda walikusikia.

Anayesuluhisha ugomvi huo ni figo. Taratibu zinatoa bikaboneti, yaani chumvi inayopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo, damu inarudi karibu na hali yake, ubongo unaachia breki, na sasa unaweza kupumua kama mwinuko unavyodai. Kazi hiyo inachukua siku mbili hadi nne. Figo hazijali una miguu ya namna gani wala una haraka kiasi gani. Utasikia pia watu wakisema mwili "unaongeza damu" ukifika juu. Kweli unaongeza, lakini chembe nyekundu zinahitaji wiki kadhaa kuongezeka kwa kiasi cha maana, kwa hiyo katika safari ya siku tatu hilo lisahau. Wakati figo bado zinafanya kazi yake, mishipa ya ubongo inatanuka ili kupitisha damu zaidi, kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, mwili unalegea. Kwa kawaida dalili huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika mwinuko mpya, wakati mwingine mapema zaidi. Ndiyo maana saa saba mchana ulikuwa mzima na jioni ukawa hoi.

Kwa hiyo kukimbia hakukukinga, wala hakukinga mtu yeyote. Mazoezi yanakupa miguu, moyo na uvumilivu, na hivyo vyote vinahitajika Meru. Lakini mkimbiaji ana hatari moja ambayo mpandaji wa kawaida hana: anaweza kujipandisha haraka kuliko figo zake. Wewe ulitangulia siku ya kwanza, siku ya pili ukaongeza Little Meru, mita 3,820, mchana uleule uliofika Saddle. Kupanda juu kidogo kisha kushuka kulala chini ni desturi nzuri, siikatai. Siku ile, baada ya kupanda mita elfu moja, ungefanya vizuri zaidi ukikaa ukajifunika koti na kunywa chai. Na yule mama wa miaka 58 hakukushinda nguvu. Watu hutofautiana sana katika namna wanavyoitikia mwinuko, sehemu ya tofauti hiyo ni ya kuzaliwa nayo, na umri mkubwa peke yake hauongezi hatari hii. Kwa vyovyote yeye pia alikwenda taratibu.

Waongozaji wanapoimba "pole pole" wako sahihi, ila neno hilo linaeleweka nusu. Kutembea pole pole kunakupunguzia uchovu. Hakubadilishi mahali utakapolala. Unaweza kutambaa kama kinyonga kutoka Miriakamba hadi Saddle na bado usiku ule ukalala mita 1,056 juu ya ulipolala jana. Pole pole inayokinga ugonjwa huu inahesabiwa kwa usiku.

Hilo linanileta kwenye ratiba ya siku nne, na hapa naomba usikilize vizuri kwa sababu watu wanalipia kitu ambacho hawakipati. Ratiba ya kawaida ya siku nne Meru inapanda sawasawa na ile ya siku tatu: usiku wa kwanza Miriakamba, usiku wa pili Saddle, kileleni alfajiri ya siku ya tatu. Tofauti ni kwamba wa siku tatu anashuka hadi getini siku hiyohiyo, na wa siku nne anashuka hadi Miriakamba, analala, anamalizia kesho yake. Siku ya nne iko upande wa kushuka. Magoti yako yataishukuru, ila kwa ugonjwa wa mwinuko haikusaidii chochote.

Unachohitaji ni usiku wa ziada upande wa kupanda. Iambie kampuni waziwazi, kwa maneno hayo, kabla hujalipa. Kuna namna mbili. Unaweza kulala Miriakamba usiku mbili, na siku ya katikati ukatembea hadi sehemu ya njia ya Saddle na kurudi. Au unaweza kulala Saddle usiku mbili: ukifika pumzika, kesho yake panda Little Meru bila haraka, rudi ulale mapema, kisha usiku huo ndio uondoke kwenda kileleni. Kwako wewe ningechagua Miriakamba, kwa sababu kwa mtu aliyeugua Saddle, kuongeza usiku Saddle ni kumlaza palepale palipomuumiza kabla hajawa tayari. Ukiweza kulipia usiku wa ziada kwenye vibanda vyote viwili, hiyo ndiyo ratiba ambayo mimi ningempa mwanangu. Inagharimu: ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku, na mwongozaji, wapagazi na mpishi nao wanalipwa kwa siku. Lakini ukiwa na fedha ya kutumia kwenye safari hii, itumie hapo kabla ya kununua koti jipya.

Kulala Arusha siku mbili tatu kabla kunakupumzisha uchovu wa basi, na hilo ni jema. Usitegemee zaidi ya hapo. Mita 1,400 ni chini mno kukuandaa kwa 3,570.

Diamox sasa. Jina lake la kitaalamu ni asetazolamaidi, na ni dawa ya kweli, si ya kubahatisha. Inazisukuma figo zitoe bikaboneti mapema, yaani inaanzisha leo kazi ambayo zingeifanya kesho na keshokutwa. Kwa hiyo si kweli kwamba "inaficha" dalili. Mtu aliyeimeza akaumwa anaumwa kweli na anapaswa kushughulikiwa kama mgonjwa. Kwa kukinga, dozi ya mtu mzima ni kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa mara nyingi, vidole na midomo vitakuwa kama vinatembewa na sisimizi, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Hayo hayana madhara. Kwa kuwa umeshaugua mara moja, na historia ya kuugua ndiyo ishara bora tuliyo nayo ya kuugua tena, wewe ni mtu ambaye ningemfikiria kuipata. Ila pitia kwanza kwa daktari anayekuona ana kwa ana. Mweleze kama umewahi kupata vipele, kuvimba au kubabuka baada ya Septrin au dawa za SP za malaria, kwa sababu dawa hizi zina undugu wa mbali. Mweleze kama figo au ini lina shida, na kama una mimba au unaitafuta. Na tafadhali, usiichukulie dawa kama badala ya ule usiku wa ziada.

Lita tano za maji hazikukusaidia, na zingeweza kukudhuru. Maji hayakingi ugonjwa wa mwinuko. Upungufu wa maji huleta kichwa kinachofanana nao, hivyo kunywa ya kutosha mkojo uwe wa rangi hafifu. Ukizidisha sana, chumvi ya damu inashuka, na hiyo nayo inaleta kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Lita tatu hivi kwa siku, chai na supu zikiwemo, zinawatosha wengi. Tangawizi inatuliza tumbo, itumie ukipenda.

Sasa usiku wenyewe, na hapa nitasema jambo usilolitarajia. Ulimeza Panadol, kichwa kikatulia, ukatoka kwenda juu. Kumeza dawa ya maumivu si kosa. Kosa ni kuongeza mwinuko ukiwa umetoka kutapika saa chache tu kabla. Na kule kuyumba Rhino Point ndiko kulikonitisha kuliko yote uliyoandika. Kichwa, kutapika na uchovu ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Mtu akianza kuyumba, kuchanganya maneno au kufanya mambo asiyoyaelewa, tunahofia kwamba ubongo umeanza kuvimba, na hilo linaua. Kipimo chake hakihitaji mashine: mwambie atembee mstari mmoja, kisigino cha mguu huu kikigusa ncha ya vidole vya mguu ule, hatua kumi. Akishindwa, anashuka. Hangojwi asubuhi, haachwi peke yake, halazwi "apumzike kidogo". Ongeza pia kwamba njia ya kutoka Rhino Point kwenda kileleni inapita ukingoni mwa kreta, kuna mawe ya kushika kwa mikono, na alfajiri mengine yana barafu. Mwongozaji wako aliyekataa uendelee alikufanyia jambo kubwa, na ukimwona tena mshukuru.

Lakini baada ya hapo ulipaswa kupelekwa chini hadi Miriakamba, si kulala Saddle hadi wenzako warudi. Simlaumu mtu, kwa sababu naijua shida ya Meru: kuna nyati na tembo njiani, na ndiyo maana hifadhi inataka kila kundi liende na askari mwenye silaha. Kundi likiwa na askari mmoja na yeye yuko juu na wenzako, nani anakushusha usiku? Hili swali liulize Arusha, kabla ya kuondoka, na usiridhike mpaka upate jibu: mmoja wetu akiugua saa nane usiku, anashuka na nani? Uliza pia kama wanabeba oksijeni na nani anajua kuitumia. Kampuni makini haitachukia maswali haya.

Nimeliacha la selimundu hadi sasa kwa sababu linahitaji utulivu. Mdogo wako wa baba na mama mmoja akiwa na ugonjwa wenyewe, kwa kawaida maana yake wazazi wenu wote wawili wanabeba kinasaba hicho. Kwa kuwa wewe umefika miaka 31 bila ugonjwa, uwezekano kwamba na wewe unakibeba ni mbili kwa tatu. Mbebaji si mgonjwa, na wabebaji wengi wanapanda milima wakashuka salama. Sidhani kama ndicho kilichokuangusha Februari, kwa sababu ulichoeleza ni ugonjwa wa mwinuko mtupu. Lakini mbebaji ana hatari moja yake peke yake: oksijeni ikishuka sana, chembe za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa ya wengu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, mara nyingine yakipanda hadi bega la kushoto. Mpandaji asiyejua atadhani ni gesi au kichomi cha kukimbia. Anayejua anashuka mara moja na kwenda hospitali. Mwenye ugonjwa wenyewe, kama mdogo wako, asipande Meru kabisa. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na bado sijaona fomu nyingi za wapanda mlima zinazouliza swali hili.

Jambo lingine la kwetu ni malaria. Ugonjwa wa mwinuko hauleti homa ya maana. Mtu ametoka pwani, ana kichwa, anatapika, na mwili una moto: huyo anaweza kuwa na malaria iliyoanza kabla hajafika Arusha. Anashushwa na kupimwa, na hakuna anayepaswa kumwambia ni "hewa ya mlima tu". Kadhalika mtu anayehema akiwa amekaa, anayekohoa usiku na kubanwa kifua: mapafu yanaweza kuwa yanajaa maji, na dawa ya kwanza ni kushuka.

Kwa Septemba, basi, nenda. Mvua huwa chache, usiku kuna baridi kali, chukua nguo za kutosha. Jiwekee tangu sasa kwamba ukiamka usiku wa kileleni na kichwa kinauma pamoja na kichefuchefu, huondoki Saddle kwenda juu, hata kama wenzako wote wamevaa taa za kichwani na wanakungoja mlangoni. Ukishindwa kupata usiku wa ziada kwa sababu ya fedha au likizo, panga safari yako iishie Little Meru. Ni kilele kamili, asubuhi unaiona Kilimanjaro imesimama juu ya mawingu, na unashuka kabla hujaongeza usiku wa pili kule juu.

Kabla ya hayo yote, nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, hata Muhimbili, uombe kipimo cha selimundu kinachotenganisha mbebaji na asiyebeba, na wingi wa damu pia wapime. Kama bado unaumwa kichwa mara kwa mara tangu Februari, au umewahi kuyumba tena ukiwa Dar, usingoje Septemba: huo si mwinuko, muone daktari wiki hii. Majibu yakitoka niandikie tena, tuangalie kama ratiba ibaki hivi au tuibadilishe.